Nyumba Waliyoiruka

Katika kijiji cha Ban Non Takhian palikuwa na mwanamke ambaye kila mtu alidhani anamjua mpaka uvunguni, na jina lake lilikuwa Bunruam. Ukimuuliza mtu habari zake angekujibu kwa neno moja: huyo ndiye aliyebaki. Dada yake alimfuata mume Khorat, kaka yake akaenda viwandani Chonburi akaoa hukohuko, na yeye kitindamimba akabaki na wazazi. Mama alipooza upande mmoja akaugua miaka mingi. Mama alipozikwa, baba akaanza kupoteza macho. Baba naye alipozikwa, Bunruam alikuwa amekwishavuka hamsini, na hapakuwa na mtu tena wa kumuuliza kama angependa kuolewa. Watoto wa kijiji walimwita shangazi, na watu wazima wakamwita hivyo pia.

Kazi yake ilikuwa mikeka ya mafunjo. Mkeka wa namna ile hufumwa na watu wawili: mmoja anapenyeza funjo kati ya nyuzi, mwingine anavuta ubao wa kubania. Zamani alifuma na mama yake. Sasa alipenyeza funjo, akanyanyuka, akazunguka, akavuta ubao, akanyanyuka tena. Mchana kutwa ukipita barabarani ungesikia ule ubao ukigonga, kisha kimya kirefu, kisha ubao tena.

Aliyemtembelea mara kwa mara ni Samniang, shoga yake tangu walipokuwa wakikaa dawati moja. Samniang alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, wale wa kujitolea wenye shati la rangi ya majivu. Aliwapima wazee presha, akachungulia mitungi ya maji kama ina viluwiluwi vya mbu, akapeleka ujumbe wa zahanati nyumba kwa nyumba. Mdomo wake ulikuwa haulali. Kila lililompata, la mume, la mkwe, la tumbo, alilileta likiwa bado moto na kulimwaga kwenye ngazi ya Bunruam, huku akijichotea wali wa kunata kutoka kwenye kikapu cha mwenyeji.

Lakini kulikuwa na kazi moja ya Samniang ambayo haikufika kwenye ngazi ile. Kila uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi ulipotangazwa, Samniang aliingia nyumba hii, akaingia na ile, na alipofika kwa Bunruam alipunga mkono tu akapita.

Mwaka Bunruam alipotimiza hamsini na tisa, nesi Orathai wa zahanati aliwaita wanawake wa kijiji kwenye banda la mikutano. Alikuwa msichana mfupi mwenye sauti kubwa, na alikuja amekasirika.

"Mama zangu," alisema, "serikali inagharimia kipimo hiki kwa kila mwanamke wa miaka thelathini hadi hamsini na tisa. Mwaka jana wilaya nzima tumewapata nusu na kidogo. Hiyo nusu nyingine iko wapi? Wengine wako Bangkok, sawa. Wengine wako shambani. Na wengine wako hapahapa, wakiniona nakuja na pikipiki wanajificha nyuma ya mtungi!"

Wanawake wakacheka, kwa kuwa walijuana.

"Zamani mlikuwa mnaona aibu kulala kitandani miguu juu. Haya, aibu imeondolewa. Huu hapa mswaki mdogo na kichupa. Unaingia bafuni kwako, unajifungia, unajisugua mwenyewe ndani, unautia humu. Kichupa kinakwenda maabara ya mkoa, mashine inamtafuta kirusi mwenyewe, yule anayeleta saratani hii. Asipokuwepo, lala usingizi, tuonane baada ya miaka mitano. Akiwepo tunaangalia ni wa aina gani. Kuna wawili ndio wakorofi kuliko wote. Ukikutwa na mmoja wao, unakwenda kwa daktari moja kwa moja. Watu wanakufa kwa ugonjwa huu kwa kuchelewa, si kwa kukosa dawa."

Mama mmoja aliinua mkono. "Nesi, mie mzee wangu hajanigusa tangu mafuriko yale makubwa. Nisugue nini huko, utando wa buibui?"

Kicheko kikapasuka banda zima. Orathai naye akacheka, kisha akatikisa kichwa. "Hata kama ni zamani, mama. Kirusi hiki kinaweza kukaa ndani ya mtu miaka ishirini, thelathini, hakiumi, hakiwashi. Hata aliyekutana na mwanamume mmoja tu maishani mwake, anahitaji kupimwa."

Samniang alikuwa akipita na mfuko akigawa. Alipofika kwa Bunruam akauficha mfuko nyuma ya mgongo. "Wewe shoga nakupita. Huyu mzigo wake bado umo ndani ya karatasi la dukani!"

Wanawake wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Bunruam akacheka nao. Alikuwa amezoea kuucheka utani ule, na safari hii pia uso wake ulijua la kufanya.

Aliporudi nyumbani hakufuma. Alikaa ngazini na kuyatazama mafunjo yaliyoanikwa, na aliyoyakumbuka yalikuwa ya mwaka mashine ya kukoboa mpunga ilipoletwa kijijini. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Fundi aliyekuja kuifunga alitoka Ubon, mtu mrefu wa maneno machache, na siku ya kwanza kabisa alipomsaidia kushusha gunia alimwambia kwamba ana mke. Hakumdanganya. Alilala kibandani mwa mashine mpaka mavuno yakaisha, na njia ya Bunruam ya kurudi kutoka shambani ikawa inapitia nyuma ya bwawa, penye kile kibanda. Kila mavuno yaliyofuata kampuni ilimtuma tena kuja kuikarabati mashine, na kila mavuno Bunruam aliusikia mngurumo wake wa kwanza akajua amefika. Ilikwenda hivyo miaka sita. Kisha mavuno ya mwaka uliofuata akaja kijana mwingine mwenye kofia, na aliyefuata akaja mwingine tena. Bunruam hakuuliza. Angeuliza kwa haki ipi? Alijiambia kwamba mtu amechoka, amerudi kwa mkewe, na ndivyo inavyopaswa. Hakumwambia mtu. Hata Samniang, ambaye mumewe ndiye aliyekuwa msimamizi wa mashine ile.

Siku ya soko alipanda gari akaenda zahanati ya mji, mahali asikojulikana. Aliomba kimswaki. Nesi wa dirishani alikuwa mpole.

"Umeolewa, shangazi?"

"Sijaolewa."

Nesi akamtazama mvi zake na blauzi yake iliyofungwa vifungo mpaka shingoni, akatabasamu. "Basi huna haja nacho. Hivi tuwaachie wenye waume zao."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nyuma yake watu walikuwa wamejipanga, mmoja na mtoto anayelia. Bunruam akainama kushukuru. Alinunua samaki wakavu akarudi nyumbani.

Mvua zikaja, mpunga ukapandikizwa. Siku moja asubuhi kipaza sauti cha kijiji kilitangaza kwamba vifaa vilivyobaki vitarudishwa mkoani wiki hiyo, na asiyepima asubiri mwakani. Mwakani Bunruam angekuwa amevuka umri. Alisimama jikoni na mwiko mkononi akikisikiliza kipaza sauti mpaka kikanyamaza.

Mchana huohuo Samniang alikuja kukagua mitungi. Alikuwa ameinama na tochi yake akimlaani mbu na ukoo wake wote, Bunruam aliposema, "Nipe na mimi."

"Nikupe nini?"

"Kile kimswaki."

"Cha nini? Ukasugulie masufuria?" Samniang alicheka ndani ya mtungi, kicheko kikarudi kwa mwangwi. Kisha akainuka akamwona uso. Akaizima tochi.

"Bunruam."

"Nipe tu."

"Nani?"

"Usiniulize nani. Kama kipo nipe, kama hakipo niambie hakipo."

Samniang alikaa kwenye ukingo wa ngazi. Alipekua mfukoni mwake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipokitoa kifurushi alianza kueleza kwa ile sauti ya kusomesha, kama anamweleza mgeni: osha mikono, usiguse nywele za mswaki, sukuma taratibu mpaka ugonge mwisho, zungusha, tia kichupani, kaza kifuniko. Bunruam aliingia bafuni, akafunga mlango. Alipotoka alimkabidhi kichupa kikiwa kimefungwa ndani ya kitambaa safi, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Langoni Samniang aligeuka. "Mimi nilikuja kwako usiku mume wangu alipolala kwa yule mwanamke wa Roi Et. Nilikuja miguu mitupu. Nimekwambia kila kitu changu, Bunruam, hata ambavyo sikupaswa."

"Najua."

"Miaka yote hii nakutania mbele za watu, na wewe unacheka tu!"

Akaondoka. Siku zilizofuata hakuja. Bunruam alipika wali wa kiasi cha watu wawili kwa mazoea, akamwagia kuku unaobaki.

Majibu aliyaleta Orathai mwenyewe. Alipaki pikipiki mbali na barabara, akavua viatu, akapanda ngazi akaketi mkekani karibu kabisa naye kabla ya kusema lolote.

"Shangazi, nisikilize mpaka mwisho. Si saratani. Narudia, si saratani. Ila mashine imekikuta kirusi, na ni mmoja wa wale wawili niliowataja. Daktari wa hospitali ya mkoa atachungulia kwa darubini. Akikuta pameanza kuharibika, anapatoa kabla hapajawa kitu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu."

"Una mtu wa kwenda naye?"

"Ninaye," alisema Bunruam, na hakuwa naye.

Alikwenda peke yake. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya usingizi, aliyemwambia kila jambo kabla ya kulifanya: sasa chuma, baridi kidogo, sasa siki, itawasha. Bunruam alikitazama kiyoyozi. Hakuna mtu aliyekuwa amemgusa tangu yale mavuno ya mwisho, na mkono wa kwanza kumgusa ulikuwa umevaa glavu.

"Panageuka peupe hapa, si dalili njema," alisema daktari kwa upole. "Nachukua nyama kidogo tukaipime."

Wakati anasubiri hayo majibu mengine, Bunruam alianza kuviona vitu. Penye sherehe ya hekaluni, wanawake waliokuwa wakikuna mapapai mabichi walinyamaza alipokaribia. Dukani mwenye duka alimpa chenji bila kumtazama. Usoni mwa kila mtu alisoma neno moja: wanajua. Samniang amesema. Na kama Samniang hakusema, basi ni kwa nini hakanyagi tena? Akaacha kwenda sokoni. Akaacha kwenda hekaluni. Alimpigia kaka yake Chonburi, akamwambia ana kivimbe kidogo kitakachotolewa. Kaka akauliza kivimbe wapi, Bunruam akajibu tumboni, kaka akasema pole dada, zamu za kiwandani ni ngumu mwezi huu, nitakutumia chochote. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na televisheni na watoto ambao Bunruam hakuwajua sawasawa majina.

Nyama ilionyesha kwamba chembe zilikuwa zimeharibika kwa daraja la tatu, la mwisho kabla ya saratani yenyewe. Ilibidi pakatwe kwa waya wa moto. Kazi ya muda mfupi, alisema daktari, na jioni hiyohiyo anarudi nyumbani, lakini asije bila ndugu.

Siku ya kukatwa, mwandikishaji alipouliza ndugu yuko wapi, Bunruam alijibu, "Sina."

"Yupo hapa," ilisema sauti nyuma yake.

Samniang alikuwa amevaa shati lake la kazi la rangi ya majivu, amenuna, kapu la chakula mkononi. "Nimekuja kikazi. Zahanati wameniambia nifuatilie mgonjwa wangu. Usidhani vingine."

"Wewe ni nani wake?" akauliza mwandikishaji.

"Dada yake. Andika."

Ilipokwisha wakakaa kwenye benchi la ua wa hospitali wakisubiri ruhusa ya kuondoka. Bunruam alikuwa na maumivu ya chini kama ya hedhi, vitu alivyovisahau. Samniang alimfungulia pakiti ya maziwa ya soya akamwekea mrija.

"Umewaambia?" akauliza Bunruam.

"Nimewaambia kina nani?"

"Watu. Nikipita wananyamaza."

"Wananyamaza kwa kuwa umekuwa unapita na uso wa mtu aliyeibiwa nyati wa kulimia! Hata salamu hutoi tangu upandikizaji. Mwenye duka aliniuliza kama amekukosea nini." Samniang akatikisa kichwa. "Sijafungua mdomo. Hata mume wangu hajui niko hapa kwa ajili gani. Na nikwambie ukweli, shoga, hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

"Hakuna?"

"Hata mmoja."

Bunruam aliushika ule mrija bila kunywa. Miaka yote alikuwa ameijenga nyumba yake kama ngome ili macho ya watu yasiingie, kumbe hapakuwa na macho. Hakuna aliyekuwa akichungulia. Ilimuuma kuliko waya.

Samniang alingoja, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Niambie tu jina. Nitalimeza."

Palipita wauguzi wawili, palipita mzee kwenye kiti cha magurudumu. Bunruam alikuwa hajalitamka jina lile tangu ujana wake, na lilipotoka lilitoka limekauka.

"Thawat."

"Thawat yupi?" Samniang akakunja uso. "Yule fundi? Fundi wa mashine ya kukoboa, mrefu kama mwanzi?"

"Huyo."

"Ee mama yangu." Samniang alijifunika mdomo. Mwanzo ilionekana kama anataka kucheka. Kisha mkono ukateremka, akamtazama Bunruam kwa namna ya kumtisha. "Na wewe hujui?"

"Nijue nini? Aliacha kuja. Alirudi kwa mkewe."

"Shoga, Thawat alikufa. Kabla ya mavuno. Gari la kampuni liliteleza darajani na mvua, likaingia mtoni, yeye na vyuma vyake. Simu ya kampuni ilipigwa kwa mume wangu. Watu walilizungumza siku mbili tatu, likaisha, alikuwa mgeni tu." Akafikiri. "Wewe hukuwepo. Ndiyo wiki mama yako alipoanguka, ulikuwa unalala naye hospitalini. Ulipofika nyumbani nani angekumbuka kukuletea habari za fundi wa mashine? Mimi mwenyewe nilikuwa nakuletea uji."

Bunruam hakulia pale. Alisema, "Alikuwa anakuja?"

"Alikuwa njiani. Ndiyo."

Njia nzima hakusema kitu, na Samniang, kwa mara ya kwanza tangu dawatini, hakusema kitu pia. Alimfikisha, akamtandikia, akamwekea maji karibu. Alitaka kulala palepale lakini Bunruam akamwomba aende. Alihitaji kuwa peke yake na mtu wake. Alimlaumu miaka mingi mtu ambaye alikuwa chini ya maji, na sasa alikuwa na msiba mbichi wa zamani mno, usio na kaburi analolijua, wala jeneza, wala jirani wa kuja na mchele.

Miezi sita baadaye alirudi kupimwa. Mashine haikukikuta kirusi, na pale palipokatwa palikuwa pamepona vizuri. "Umewahi," alisema daktari. "Mwaka mmoja au miwili zaidi, tungekuwa tunazungumza lugha nyingine. Ila uendelee kuja kila mwaka, usinipotelee." Bunruam aliinama kushukuru. Alipotoka alitafuta mtu wa kumwambia, na kwa kuwa Samniang siku hiyo alikuwa amepeleka mjukuu shule, alimwambia muuza matunda wa getini kwamba amepona. Muuza matunda akasema hongera shangazi, akamwongezea embe moja bichi.

Msimu uliofuata wa uchunguzi Samniang hakuiruka nyumba yoyote. Alipeleka vifurushi kwa wajane, kwa mwalimu ambaye hajaolewa, kwa wale dada wawili wanaouza supu na kuishi pamoja. Hakumuuliza mtu habari za mume. "Chukua, sugua, nirudishie, sitaki hadithi," ndiyo ilikuwa salamu yake, yeye aliyependa hadithi kuliko wali. Wengine walimtukana. Wengine walikipokea kimyakimya wakafunga mlango haraka. Orathai alisema idadi ya waliopima katika kata yao imepanda, bado haijafika inapotakiwa.

Bunruam aliyasikia hayo kutoka ngazini. Maisha yake hayakubadilika sana. Alifuma, akazunguka, akafuma. Jioni zilikuwa ndefu kama zamani, na tofauti ni kwamba sasa alijua anamkosa nani.

Mwisho wa mwaka ule, mpunga ulipokwisha kuingia ghalani, alipeleka chakula hekaluni asubuhi: wali wa kunata, samaki wa kuoka, mchuzi wa chipukizi za mianzi. Baada ya watawa kula, wenye wafu wao walisogea mbele na vikombe vya maji ya kumimina kuwaombea. Kila mtu alitaja jina. Zamu yake ilipofika, mtawa mkuu, mzee aliyewazika baba yake na mama yake, alimtazama.

"Leo ni mama au baba, binti?"

"Si mama wala baba, Baba Mtukufu. Anaitwa Thawat. Wa Ubon."

Nyuma yake wanawake walikuwa wamekaa safu nzima, vikapu mapajani, na Samniang kati yao. Mtawa hakulikumbuka jina. "Ni nani wako?"

Bunruam aliinua kikombe kwa mikono miwili.

"Ni mtu wangu," alisema, kwa sauti ya kusikika, na akaanza kumimina.